Alama za barabarani zina ngeli zake

Mpwa wangu anajiandaa kwa mtihani wa leseni. Jioni moja nilimkuta barazani kwao Mwanjelwa, Mbeya, kajikunyata ndani ya koti kwa baridi ya Juni, mkononi ana karatasi ya alama za barabarani iliyotolewa kopi juu ya kopi hadi picha zimebaki madoa. Chini ya kila picha kuna jina, maandishi madogo kama sisimizi. Alikuwa anazisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama tulivyokuwa tukiimba jedwali la kuzidisha darasa la tatu.

Nikaliziba jina moja kwa kidole. “Hii nini?”

“Baiskeli, mjomba.”

“Baiskeli imefanyaje?”

Kimya. Hakuwa na kosa. Baiskeli ikiwa ndani ya duara lenye ukingo mwekundu, maana yake baiskeli haziruhusiwi. Ikiwa ndani ya duara la bluu, hiyo ni njia ya baiskeli, na mwenye baiskeli apite humo. Ikiwa ndani ya pembetatu, dereva anaambiwa aangalie kwa sababu mbele kuna waendesha baiskeli. Mchoro ni uleule, habari ni tatu tofauti, na karatasi ya mpwa wangu ilikuwa imeua rangi zote. Alikuwa anajifunza lugha iliyokatwa nusu.

Si yeye peke yake. Kila lori linapoacha njia kwenye miteremko yetu, kwa wiki nzima vijiweni hakuna mazungumzo mengine: leseni za kununua, madereva wasiojua kusoma kibao, trafiki na tochi zao za kupima mwendo. Humohumo zinazaliwa hadithi ambazo mwanafunzi wa udereva anazibeba hadi kwenye chumba cha mtihani. Nitajaribu kuzifumua chache, lakini tuanze na msingi.

Kwa mazungumzo ya kawaida tunaita kila kitu “alama”. Hapa nitatenganisha. Vibao ni vile vilivyosimikwa kwenye nguzo kando ya barabara. Michoro ya chini ni mistari na mishale iliyopakwa juu ya lami. Ishara ni vitu vinavyobadilika: taa, mikono ya askari, indiketa ya mwenzako. Vyote vina nguvu ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, lakini havilingani ubavu, na hilo nitalirudia.

Sasa vibao. Fikiria umekaa sebuleni, mtu chumba cha pili anasema, “Vimevunjika!” Hujui ni vikombe au viti, ila tayari unajua si watu, si mti, si nyumba. Ngeli imekupa nusu ya habari kabla jina halijatajwa. Umbo la kibao linafanya kazi hiyohiyo. Ukiwa bado mbali, mchoro wa ndani huuoni, lakini umbo unaliona, na umbo linakuambia unaambiwa kitu cha namna gani.

Pembetatu yenye ncha juu na ukingo mwekundu ni tahadhari. Ni jirani anayekuambia, “Pale kwa fulani kuna mbwa.” Hajakukataza kupita, amekupa habari, akili ni yako. Kona kali, mawe yanayoporomoka, watoto wa shule, mifugo, barabara inayobana: vyote vinakaa ndani ya pembetatu. Duara ni amri. Hapo hakuna ushauri tena. Mstatili, kwa kawaida, ni taarifa: Tunduma kule, hospitali hapa, maegesho pale. Ukikutana na vibao vya kahawia, hivyo ni vya vivutio, vya watu wanaotafuta Isimila au Hifadhi ya Ruaha. Kwenye mtihani havisumbui sana.

Ndani ya maduara, rangi ndiyo inayogawa. Ukingo mwekundu unakataza au unaweka kikomo, bluu inakuagiza ufanye. Hapa ipo hadithi ya kwanza, kwamba kama mchoro haujakatwa na mstari wa mshazari basi haujakatazwa. Si kweli. Vingine vina huo mstari, vingine havina, ila duara jekundu lenyewe limeshakataza. Lori ndani ya duara jekundu, liwe limekatwa au halijakatwa, halipiti.

Vibao viwili vimepewa maumbo ya peke yake, visifanane na chochote: kile cha kusimama, chenye pembe nane, na kile cha kutoa njia, pembetatu iliyopinduliwa ncha chini. Sababu ni rahisi. Hivi viwili ukivikosea unaingia ubavuni mwa gari la mtu, kwa hiyo vinatakiwa vitambulike hata vikiwa vimepakwa tope, vimebandikwa tangazo la mganga, au unaviona kwa nyuma. Ukifika njia panda ukaona mgongo wa kibao cha pembe nane upande wa mwenzako, unajua yeye ndiye wa kusimama. Umbo hilo lilianza Marekani katika miaka ya 1920, na kwa miongo kadhaa huko kilikuwa cha njano. Nyekundu imekuja mwaka 1954. Rangi imebadilika, umbo limebaki.

Tofauti ya hivyo viwili huwachanganya wengi. Cha kusimama kinataka magurudumu yasimame kabisa, hata barabara ikiwa nyeupe kulia na kushoto. Kupunguza mwendo hadi gia ya kwanza na kuchungulia si kusimama. Cha kutoa njia ni kama adabu ya njia nyembamba ya mlimani: ukikutana na mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, unampisha. Kama hakuna mtu, unaendelea, hakuna anayekudai usimame kwa heshima ya hewa.

Utauliza kwa nini michoro badala ya maneno. Nenda Tunduma ukasimame dakika kumi. Anapita dereva wa Zambia, anapita wa Kongo mwenye shaba, anapita wa kwetu, na kwenye barabara ya Kyela anaingia wa Malawi kupitia Kasumulu. Hawaongei lugha moja, lakini wote wanatakiwa kuelewa kona moja. Ndiyo maana nchi nyingi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, zinatumia vibao vinavyofanana, na ndiyo maana mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 ulijaribu kuipa dunia nzima utaratibu wa pamoja.

Hamsini inaishia wapi?

Hili ndilo swali la barabara ya TANZAM, ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia. Unatoka Makambako kuja Mbeya, kila kijiji kina duara lake jekundu lenye 50, na kila kijiwe kina maelezo yake. Wapo wanaosema hamsini inaishia nyumba zinapoisha. Wengine wanasema inaishia ukishampita trafiki. Yote mawili yameshawagharimu watu elfu thelathini zao za faini.

Hamsini inaishia kwenye kibao kinachoimaliza: duara lenye namba ileile iliyokatwa na mistari myeusi ya mshazari. Mpaka ukione, uko ndani ya hamsini, hata kama pembeni ni mashamba ya mahindi matupu. Na kikomo hicho kikiisha, hukuambiwa uruke. Basi la abiria na gari la mizigo la zaidi ya tani tatu na nusu bado lina kikomo chake cha kilomita 80 kwa saa.

Namba ndani ya duara jekundu ni dari. Mvua ya Aprili ikinyesha Igawa, hamsini inaweza kuwa mwendo wa kichaa.

Kwa nini hamsini, si sabini? Kwa hamsini, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kwa themanini ni mita 22. Mtoto akikatiza, sekunde ya kwanza nzima inaliwa na wewe kushtuka na mguu kuhama kutoka mafuta kwenda breki. Gari halijapunguza hata kidogo. Baada ya hapo ndipo hesabu inapokuwa mbaya, kwa sababu nguvu inayotakiwa kuzimwa haikui kwa kujumlisha, inakua kwa mraba. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne. Anayepita kijijini kwa mia moja hajaongeza hatari mara mbili tu kuliko wa hamsini.

Kusoma mlima

Nyanda za juu kusini zina mtihani wao wa ziada ambao haumo kwenye karatasi. Kutoka Ruaha Mbuyuni unaipanda Kitonga kuelekea Iringa. Kutoka Uyole unapanda hadi Isyonje, kisha unaanza kushuka kwenda Tukuyu na Kyela, hadi kwenye Ziwa Nyasa, ambalo halifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Unavaa koti asubuhi, mchana unatafuta kivuli cha mwembe. Kwa hiyo pembetatu yenye mchoro wa mlima, ambayo mtu wa pwani anaweza kuikariri na kuisahau, kwetu ni ya kila siku.

Swali la kwanza: mlima huo unapanda au unashuka? Usome kama unavyosoma maandishi, kutoka kushoto kwenda kulia. Ikiwa kushoto kuko juu na kulia kuko chini, unashuka.

Swali la pili ni namba. Wengi wanaamini asilimia 10 ni nyuzi 10 za pembe, na mmoja aliwahi kuniambia kwa uhakika kabisa kwamba maana yake ni kupunguza mwendo kwa asilimia kumi. Ni rahisi kuliko hivyo: kila mita 100 unazosogea mbele, unashuka mita 10. Kwa pembe ni kama nyuzi sita tu, na namba hiyo inasikika ndogo. Hapo ndipo mtego ulipo. Kilomita tano za mteremko wa namna hiyo ni mita 500 za kushuka. Lori lenye tani thelathini ni kama limetupwa kutoka urefu huo, na vinavyotakiwa kuumeza karibu mtupo huo wote ni breki zake na injini.

Breki inasimamisha gari kwa msuguano, na msuguano ni joto. Sugua viganja vyako kwa nguvu nusu dakika uone. Ukikanyaga breki mfululizo kutoka kileleni, joto linapanda kuliko linavyopoa, pedi zinapoteza mshiko, na kwenye malori ngoma ya breki inapanuka na kuzikimbia pedi. Kwenye gari dogo mafuta ya breki yanaweza kuchemka, ukikanyaga mguu unazama kama kwenye mto wa sufi. Baadaye tunasoma kwamba gari “lilifeli breki”. Mara nyingi breki hazikuwa zimevunjika juu mlimani, zilipikwa njiani.

Dawa yake madereva wazee wanaijua: shuka na gia ambayo ungepandia. Injini inavuta gari nyuma yenyewe, breki unazitumia kwa vipindi tu, unazipa nafasi ya kupumua. Na gia hiyo iingizwe juu kabisa, ukishaiona pembetatu, kabla mteremko haujaanza. Ukishakamatwa na mwendo, gia ndogo inaweza kukataa kuingia kabisa, na hapo huna gia wala huna kitu.

Hapa lazima niizike hadithi ya frii. Bado wapo wanaoshuka na nyutro ili “kuokoa mafuta”. Kwenye magari ya sasa yenye mfumo wa kupulizia mafuta kwa kompyuta, ukiwa kwenye gia huku umeachia pedeli ya mafuta, mfumo unakata mafuta karibu yote, maana magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inabidi ilishwe ili isizime. Kwa hiyo wa frii anachoma zaidi na hana kinachomshika. Sijui kama kuna biashara mbaya kuliko hiyo.

Ukungu nao una hadithi yake. Kuwasha fulu, yaani taa kali za mbali, hakusaidii, mwanga unagonga matone na kukurudia machoni. Taa za chini, mwendo wa pole, umbali mrefu na wa mbele yako.

Mistari, taa na mikono

Michoro ya chini inasomwa kirahisi ukiifikiria kama boma. Mstari usiokatika katikati ya barabara ni ukuta, hauvukwi. Uliokatika ni ua wenye mianya, unapita ukiwa na uhakika. Ikiwa miwili imelala sambamba, mmoja mzima na mmoja uliokatika, angalia ulio upande wako. Wa mwenzako haukuhusu, hata kama unakuvutia.

Taa watu wanadhani wanazijua. Kijani si “nenda”. Ni “njia ni yako kama iko wazi”. Kama bajaji tatu zimekwama katikati ya makutano, kijani hakikupi ruhusa ya kuzipanda. Njano ndiyo imeharibiwa kabisa na mazoea, wengi wanaitafsiri kama “kimbia kabla haijawa nyekundu”. Maana yake ni simama, isipokuwa umeshakaribia mno kiasi kwamba ukifunga breki utasababisha ajali. Rangi hizi, kwa taarifa tu, zilitoka kwenye reli. Taa ya kwanza ya namna hii iliwekwa London mwaka 1868, ikiwaka kwa gesi, na haikuchukua muda ikalipuka.

Mzunguko tunauita kipilefti, na jina hilo lina kisa. Kwenye vibao vya zamani iliandikwa kwa Kiingereza amri ya kupita kushoto, watu wakadhani ndilo jina la mahali. Limebaki, na sina ugomvi nalo. Kanuni yake: aliyeshaingia ndani ana haki, naye anakujia kutoka kulia kwako. Unayeingia unasubiri. Ukubwa wa gari hauhusiki, ingawa najua pale Mbeya mjini wapo wanaoamini vingine.

Sasa lile la ubavu. Askari akisimama makutano, mikono yake inashinda taa. Taa inashinda kibao. Kibao kinashinda kanuni ya jumla. Ukikuta kijani huku askari amekunyooshea kiganja, unasimama. Mkono ulioinuliwa juu ni wa kusimamisha wote. Mikono ikiwa imenyooka pembeni, kifua chake na mgongo wake vinasema simama, ubavu wake unasema pita. Watahini wanalipenda swali hili kwa sababu linatenganisha aliyekariri na aliyeelewa.

Halafu kuna lugha ya pili, isiyo kwenye kitabu. Anayekuja mbele akikupepesea fulu anaweza kuwa anakuambia kuna trafiki, au taa zako zinaumiza, au ni “kamwene”, salamu tu ya dereva kwa dereva. Lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kushoto, linakukaribisha upite. Likiwasha ya kulia, linakuonya usijaribu. Matawi ya miti yaliyotupwa barabarani ni gari bovu mbele, hasa kwenye kona, ingawa sheria inataka pembetatu ya kuakisi mwanga. Ijue lugha hii, ila usiiamini kwa roho yako: indiketa ya kulia inaweza pia kuwa lori linakata kulia kweli. Na usiijibu kwenye mtihani.

Ishara moja ya lugha hiyo naomba ife. Ni kuwasha hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, kwenye njia panda kumaanisha “naenda moja kwa moja”. Aliye ubavuni kwako anaona taa moja tu ya upande wake, anaamini unakata kwake, anaingia. Kwenda moja kwa moja hakuna ishara, unakwenda tu.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya kwa vikombe viwili vya chai. Kuhusu mtihani wenyewe nilimpa jambo moja. Mimi miaka ile niliulizwa alama ya mteremko nikajibu “mlima”, mtahini akanitazama kwa huruma na kuniuliza, “Sasa ukiuona huo mlima unafanya nini, unausalimia?” Tangu hapo najua jibu zima lina sehemu tatu: ni alama ya aina gani, inasema nini, na mimi nitafanya nini. “Ni ya tahadhari, mteremko mkali mbele, naingiza gia ndogo kabla sijaanza kushuka.” Ukijibu hivyo, hata jina rasmi likikuponyoka, mtahini anaona unaendesha gari na si unakariri shairi.

Kesho yake nilimkuta amekaa palepale na penseli za rangi za mdogo wake. Pembetatu zote alikuwa ameshazizungushia nyekundu, maduara anayagawa moja moja, hili jekundu, hili bluu, akikosea anauliza. Alipofika karibu na mwisho akasimama.

“Hii mjomba, hamsini yenye mistari. Niipake gani?”

“Iache hivyohivyo,” nikamwambia. “Hiyo kopi haikuikosea.”